Kokotoa mwenyewe PAYE inayokatwa kwenye mshahara wako: mwongozo kamili

Mwaka juzi, jioni ya tarehe 28, jirani yangu ambaye ni mwalimu wa shule binafsi alinigongea mlango akiwa ameshika slipu ya mshahara iliyokunjwa mara nne. “Kaka, naomba uniangalizie hii. Nalipwa laki tisa, lakini naona kodi inanila sana.” Tulikaa kibarazani, nikaomba kalamu. Slipu ilionyesha mshahara ghafi (kabla ya makato) 900,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 90,000, PAYE (kodi ya mapato) 103,000. Dakika mbili hazikupita nikajua kosa liko wapi. Kodi yake halali ilikuwa 80,500. Alikuwa akikatwa 22,500 za ziada kila mwezi, na alikuwa ameshafanya kazi pale miezi kumi na minne. Piga hesabu: ni 315,000.

Hakuna aliyemwibia. Mhasibu wa shule alitengeneza fomula kwenye Excel, akaielekeza kwenye safu ya mshahara ghafi badala ya safu ya kiasi kinachobaki baada ya NSSF. Kosa la kubofya mara moja tu, likajirudia kila mwezi kwa wafanyakazi wote.

Nimeandaa mishahara kwa miaka mingi, na jambo hili linaniuma. Tunadai chenji kwa konda mpaka shilingi mia ya mwisho, lakini slipu ya mshahara tunaangalia mstari wa chini kabisa, tunaikunja, basi. Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa Tanzania Bara anayetaka kujua hasa kodi yake imetoka wapi. Chukua slipu yako ya mwezi uliopita na kikokotoo cha simu, twende pamoja.

Fedha inapita wapi

PAYE si kodi maalumu iliyobuniwa kwa ajili ya wafanyakazi. Ni kodi ya mapato, ila inakusanywa kwa kuzuiwa pale pale inapotoka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akokotoe kodi yako, aikate kabla hajakulipa, kisha aipeleke Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mshahara wa Machi, kwa mfano, kodi yake inatakiwa iwe imefika ifikapo tarehe 7 Aprili. Kodi ni yako. Mwajiri ni mkono tu wa kuifikisha. Lakini ni mkono unaowajibika: asipokata, au akikata asipeleke, TRA inamdai yeye.

Sasa zingatia hili. Mtu ambaye kipato chake ni mshahara peke yake, na kodi yake imekatwa na mwajiri, kwa kawaida hatakiwi kujaza ritani ya kodi ya mwaka. Ndugu zetu walioko Marekani hujaza ritani yao kabla ya katikati ya Aprili, na aliyekatwa zaidi hurudishiwa. Huku kwetu wafanyakazi wengi hawana siku kama hiyo. Hesabu inayofanywa na mhasibu wako mwisho wa mwezi ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho, isipokuwa wewe mwenyewe uirudie.

Hatua ya 1: Pata mshahara ghafi wako

Usianze na mshahara wa msingi peke yake. Jumlisha kila unacholipwa kwa fedha kwa sababu ya kazi yako: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya usafiri, malipo ya saa za ziada, kamisheni, bonasi. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi vyote hivyo vinaingia kwenye kapu moja. Wapo waajiri wanaogawa mshahara vipande vipande na kuviita posho, wakidhani kodi itapungua. Haipungui, jina la malipo halibadilishi kitu.

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaijui. Mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti ya serikali, hatozwi kodi kwenye posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu. Sheria imezisamehe. Kwa hiyo daktari wa hospitali ya serikali na mwenzake wa hospitali binafsi wanaweza kupata posho ya nyumba inayolingana, mmoja akakatwa kodi kwenye posho hiyo na mwingine asikatwe, na wote wawili hesabu zao zikawa sahihi. Kabla hujalinganisha slipu yako na ya rafiki, uliza kwanza ameajiriwa na nani.

Vipo vitu visivyoingia kabisa kwenye hesabu, hata sekta binafsi. Fedha ya safari ya kikazi uliyotumia kwa ajili ya ofisi, ukarudishiwa, si kipato chako. Chakula cha kantini kinachotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi hakitozwi. Matibabu yanayotolewa kwa wote kwa usawa nayo yamo kwenye msamaha, kwako, kwa mwenzi wako na kwa watoto wasiozidi wanne.

Kinyume chake, vipo vitu usivyovishika mkononi lakini vinatozwa. Gari la ofisi unaloruhusiwa kulitumia kwa mambo yako ni mfano mzuri, kwa sababu sheria imeliwekea thamani kwa mwaka kulingana na ukubwa wa injini na umri wake. Gari lenye injini isiyozidi cc 1,000 na lisilozidi miaka mitano linahesabiwa 250,000 kwa mwaka. Likizidi umri huo, 125,000. Kutoka cc 1,000 hadi 2,000 ni 500,000 au 250,000. Kutoka 2,000 hadi 3,000 ni 1,000,000 au 500,000. Zaidi ya hapo ni 1,500,000 au 750,000. Gawanya kwa 12, ongeza kwenye kipato cha mwezi. Iwapo mwajiri hadai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, basi nawe huhesabiwi. Nyumba unayopewa na mwajiri ina kanuni yake pia. Ukiona mstari wa “nyumba” kwenye slipu wakati hupewi fedha ya nyumba, ndiyo hiyo.

Hatua ya 2: Ondoa mchango wa hifadhi ya jamii kabla ya kodi

Hapa ndipo jirani yangu alipoumia. Mchango wa kisheria wa mfuko wa hifadhi ya jamii unatolewa kwanza, kodi inapigwa kwenye kinachobaki.

Sekta binafsi ni NSSF: jumla ya asilimia 20 ya mshahara ghafi, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Utumishi wa umma ni PSSSF: mtumishi asilimia 5 ya mshahara wa msingi, mwajiri asilimia 15. Kinachoondolewa kwenye hesabu ya kodi yako ni sehemu yako wewe tu. Sehemu ya mwajiri haikatwi kwenye mshahara wako. Ukiikuta upande wa makato, simama hapo hapo uulize.

Kinachobaki ndicho kipato kinachotozwa kodi. Kiandike pembeni ukizungushie duara.

Hatua ya 3: Pitisha kiasi hicho kwenye ngazi za kodi

Viwango hivi vinatumika tangu Julai 2021, ngazi ya kwanza iliposhuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza unafuu huo siku ya Mei Mosi ya mwaka huo jijini Mwanza. Kwa mwezi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- Kutoka 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- Kutoka 520,000 hadi 760,000: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- Kutoka 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja.

Zile 20,000, 68,000 na 128,000 si faini wala ada. Ni kodi ya ngazi za chini ambayo imeshapigwa tayari ili usihangaike kuirudia. Kutoka 270,000 hadi 520,000 kuna 250,000. Asilimia 8 yake ni 20,000. Ongeza asilimia 20 ya 240,000 zinazofuata, yaani 48,000, unapata 68,000. Ongeza asilimia 25 ya 240,000 nyingine, yaani 60,000, unafika 128,000. Ukishaielewa ngazi hii, huhitaji kukariri jedwali.

Turudi kwa mwalimu. Ghafi 900,000, toa NSSF 90,000, inabaki 810,000. Inazidi 760,000 kwa 50,000. Asilimia 25 ya 50,000 ni 12,500. Jumlisha 68,000: kodi ni 80,500. Shule ilipiga kwenye 900,000 nzima: inazidi 760,000 kwa 140,000, asilimia 25 yake ni 35,000, jumlisha 68,000, ikawa 103,000. Fanya hesabu zote mbili kwa mshahara wako. Kama slipu inafanana na hesabu ya pili, una jambo la kuuliza.

Mshahara wa 300,000 ni kipimo kizuri cha haraka. Ondoa NSSF 30,000, inabaki 270,000 kamili, na kodi ni sifuri. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa laki tatu halafu akaona PAYE ya 2,400 amekatwa kwa kosa lile lile. Mtu anaweza kuziona 2,400 kuwa ni fedha ndogo. Kwa mtu wa laki tatu ni nauli ya siku kadhaa.

Mfano wa serikalini: tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni 500,000, kutoka 370,000. Toa PSSSF 25,000, inabaki 475,000. Inazidi 270,000 kwa 205,000, asilimia 8 yake ni 16,400. Hiyo ndiyo PAYE.

Hofu ya kuvuka milioni

Nimewahi kuzungumza na mtu aliyesitasita kupokea nyongeza ya mshahara. Alisikia kwamba ukivuka milioni unakatwa asilimia 30 ya mshahara wote. Hili si kweli, na limewanyima watu usingizi bure.

Asilimia 30 inagusa kile kilichozidi milioni tu. Kipato kinachotozwa kodi kikiwa 1,000,000, kodi ni 128,000. Kikiwa 1,010,000, kodi ni 131,000. Umeongezewa elfu kumi, serikali imechukua elfu tatu, saba umebaki nazo. Hakuna nyongeza ya mshahara inayoweza kukupunguzia fedha ya mkononi kwa sababu ya PAYE peke yake.

Bonasi nayo ina malalamiko yake: “Bonasi yangu imekatwa kodi kubwa kuliko mshahara!” Ni kwa sababu inakaa juu ya mshahara wa mwezi huo, kwa hiyo inaangukia ngazi yako ya juu kabisa. Zile 270,000 za bure zimeshatumiwa na mshahara wenyewe.

Hatua ya 4: Makato yanayokuja baada ya kodi

Baada ya PAYE yanafuata mengine, na haya hayapunguzi kodi. Kubwa kwa vijana ni mkopo wa elimu ya juu: HESLB, yaani bodi ya mikopo, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Sisitiza neno msingi. Mwenye ghafi ya 1,200,000, ambayo milioni moja ni msingi na 200,000 ni posho, anakatwa 150,000, si 180,000. Tupige slipu yake nzima, kwa mfanyakazi wa sekta binafsi:

Mshahara ghafi: 1,200,000
NSSF: 120,000
Kipato kinachotozwa kodi: 1,080,000
PAYE: 128,000 + asilimia 30 ya 80,000 = 152,000
HESLB: 150,000
Mkononi: 778,000

Kisha inaweza kuja bima ya afya (kwa mwanachama wa NHIF aliyeajiriwa ni asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 3), ada ya chama cha wafanyakazi, mkopo wa benki, SACCOS. Kwa makato ambayo hayatokani na sheria, kwa kawaida mwajiri anahitaji ridhaa yako ya maandishi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako. Kuomba slipu si kumsumbua mtu.

Na mawili haya hayatakiwi kuonekana kwenye makato yako hata siku moja: tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wengi tunaijua kama SDL, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Vyote ni mzigo wa mwajiri. Mara kadhaa nimeona “WCF” upande wa mfanyakazi kwenye slipu za kampuni ndogo, na kila mara aliyeandaa hakuwa na nia mbaya, hakuwa anajua tu. Mjulishe.

Mkataba wa “mkononi”

Unapojadiliana mshahara, uliza neno moja: ghafi au mkononi? Wengi wanakubaliana “milioni moja” na kila upande una milioni yake kichwani.

Ghafi ya 1,000,000 sekta binafsi: NSSF 100,000, inabaki 900,000, PAYE ni 68,000 + 35,000 = 103,000. Mkononi 797,000. Ili mwajiri akupe milioni kamili mkononi, ghafi inabidi iwe kama 1,314,286: NSSF 131,429, PAYE 182,857. Tofauti ni zaidi ya laki tatu kwa mwezi, kwa neno moja lisilosemwa. Mwajiri akiahidi “mkononi”, mwambie aandike kwenye mkataba kwamba makato ya kisheria anayabeba yeye, na kiasi cha ghafi kiandikwe pia. Usipofanya hivyo, kuna hatari akupe milioni na asipeleke chochote NSSF wala TRA, na utakuja kujua siku unaomba mafao.

Ukiwa na ajira mbili

Kile kiwango cha bure cha 270,000 na ngazi za chini unavipata kwenye ajira moja tu, ile ya msingi. Ajira ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja kuanzia shilingi ya kwanza. Mhadhiri anayefundisha chuo kingine jioni kwa 400,000 atakatwa 120,000 huko. Inauma, lakini ina mantiki: bila hivyo mtu angegawa kipato chake sehemu nne na kila sehemu ikapata unafuu wake. Mwambie mwajiri wa pili ukweli tangu mwanzo.

Jambo tofauti ni kulipwa kama mtoa huduma. Hapo anayekulipa anazuia asilimia 5 badala ya PAYE, na baadhi ya waajiri wanawaita wafanyakazi wao “washauri” ili wakwepe NSSF. Lakini ukiingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, ukiwa na bosi na dawati, wewe ni mwajiriwa, liandikwe lolote. Asilimia 5 inavutia mwisho wa mwezi. Uzeeni haitakuwepo pensheni ya kukufidia.

Ukikuta kosa

Usianze na TRA, wala usianze na WhatsApp ya ofisi. Andika hesabu yako kwenye karatasi moja: ghafi, mchango, kinachotozwa kodi, ngazi, kodi uliyoipata, kodi iliyokatwa, tofauti. Mpelekee anayeandaa mishahara, mkiwa wawili, umwombe muipitie pamoja. Katika uzoefu wangu makosa mengi yanaishia hapo. Jirani yangu alifanya hivyo. Mhasibu alifungua faili mbele yake, wakaiona fomula, mwezi huo huo ikarekebishwa. Za nyuma zilichukua muda zaidi na barua kadhaa, kwa sababu fedha ilikuwa imeshatoka shuleni kwenda TRA. Kosa la mwezi mmoja ni mazungumzo ya dakika kumi. La miezi kumi na minne linageuka jalada.

Ukizungushwa, weka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Kwa makato ambayo hukuyaridhia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndiyo mlango wa migogoro ya kazi. Kwa kodi iliyokatwa lakini hujui kama imepelekwa, nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako na TIN yako (namba ya mlipakodi) na slipu. Mchango wa NSSF ni rahisi zaidi kuufuatilia: omba taarifa ya michango yako na uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Miezi ikiruka huko, kagua na kodi pia, maana mara nyingi asiyepeleka kimoja hapeleki na kingine.

Tunza slipu zote, hata kwa kuzipiga picha. Kila Julai, sheria mpya ya fedha inapoanza kutumika, rudia hesabu hii mara moja kwa kutumia jedwali la mwaka huo kwenye tovuti ya TRA. Na ifikapo tarehe 30 Januari, mwombe mwajiri hati ya kodi iliyozuiwa kwa mwaka uliopita. Sheria inamtaka akupe, na ukiacha kazi katikati ya mwaka anatakiwa akupe ndani ya siku 30. Jumla iliyo kwenye hati hiyo ilingane na jumla ya PAYE kwenye slipu zako kumi na mbili.